Mama Mkwe Akifikiri kwa Sauti

Nyumbani kwetu wananiita Bi Marekebisho. Jina hilo alinipa marehemu mume wangu, siku nilipomwamsha usingizini kumwambia kwamba kukoroma kwenyewe nimeshakubali, hilo halina ugomvi, lakini angeweza kukoroma kwa mpangilio. Sijawahi kulipinga. Nilipendekeza tu liwe refu kidogo, lionyeshe na hekima.

Sina kiburi, nina maoni. Nikienda kwa mtu, kabla sijaketi nimeshaona pazia limekatwa fupi. Nikiletewa chai nashukuru, halafu namweleza mwenye nyumba mahali ambapo kabati la vyombo lingekaa vizuri zaidi. Dada yangu husema siku nikifa nitamshauri mchimba kaburi. Mimi humjibu kwamba nitasubiri kwanza nione anavyochimba.

Kazi yangu ni kuhariri video za harusi. Sebule ya mbele nimeigeuza studio: kompyuta, spika mbili, kiti kinacholalamika kuliko mimi, na rafu iliyojaa diski za kuhifadhia kazi. Kila diski nimeibandika karatasi yenye jina, na jina ni lile jambo lililoharibika siku ya harusi. Keki Ilianguka. Mvua. Mjomba Alihutubia. Mtu akija baada ya miaka kutafuta nakala, namuuliza tu, "Kwenu kiliharibika nini?" na hapo hapo naipata. Wengine hukasirika. Wakishaiona video, hukumbuka na kunyamaza.

Nina mtoto mmoja, binti, anakaa mtaa wa pili. Ameolewa na kijana mpole anayetengeneza programu za kompyuta. Upole wake hauna kifani. Tangu amuoe binti yangu, mbele yangu hajawahi kusema maneno zaidi ya mawili: "Sawa, mama," na "Nimekusikia, mama." Nimemkosoa viatu, nimemkosoa anavyoegesha gari, nimemkosoa hata anavyosema "Sawa, mama," kwa sababu sauti yake inashuka mwishoni kama ya mtu asiyekubali. Akasema, "Sawa, mama."

Huyo mkwe wangu alikuwa ametengeneza, yeye na wenzake, programu ya kukagua na kurekebisha diski zenye kasoro. Kampuni yao ilikuwa imesema wazi: watu wa nje wakiweza kuitumia peke yao bila kuharibu kitu, programu imepita, na walioitengeneza watahamishiwa makao makuu ng'ambo, wao na familia zao. Wasipoweza, kazi inarudi mwanzo na hakuna anayekwenda popote.

Habari hiyo niliambiwa mezani. Binti yangu alinitazama usoni, akangoja. Nikasema, "Hongereni sana." Kisha nikasema mchuzi umezidi chumvi. Haukuzidi.

Basi katika hao watu wa kujaribu, mmoja aliugua. Kampuni ikatafuta haraka mtu mwenye diski nyingi, asiyejua kuunda programu, na asiyeogopa kusema. Dada mtafiti, yule anayeendesha majaribio, alipompigia binti yangu, ambaye walijuana kwenye sherehe za kampuni, kuulizia kama anamjua mtu wa namna hiyo, mwanangu alicheka mpaka simu ikamponyoka. "Huyo ninaye," akasema. Hakumwambia mtafiti kuwa ni mama yake, na hakumwambia mumewe kitu. Alidhani anamfanyia mumewe mazuri.

Nilikwenda nimevaa gauni langu la harusi kubwa kubwa. Njiani nilijiapiza: leo nitakuwa mpole, nitajibu ninachoulizwa, nitaondoka. Ulimi hauna mfupa, lakini na mimi nina meno, nitaung'ata.

Chumba chenyewe kilikuwa kidogo, meza, kompyuta, kamera ndogo juu ya skrini, glasi ya maji, na kiti kimoja cha nyuma ukutani. Mtafiti alikuwa dada kijana mwenye sauti ya muuguzi. Akaniamkia, nikamwitikia, akanikalisha.

"Mama, leo hatukupimi wewe, tunaipima programu," akasema. "Kwa hiyo huwezi kukosea. Ninachokuomba ni kimoja tu. Ukiwa unaitumia, fikiria kwa sauti. Kila kinachokupitia kichwani, kiseme."

"Kila kitu?"

"Kila kitu, mama. Ukinyamaza nitakukumbusha. Na sisi tutakaa kimya, hatutakujibu wala kukusaidia."

Nilimtazama nihakikishe hanidhihaki. Maisha yangu yote nimekuwa nikitafuta chumba ambacho nitasema kila kitu na hakuna atakayenijibu, kumbe kipo, na kina kiyoyozi.

Hapo mlango ukafunguka, akaingia yule aliyeunda skrini za programu, aje kukaa nyuma kutazama. Alikuwa mkwe wangu. Aliponiona, kalamu ilimdondoka. Nami nilimwona anavyofungua mdomo amwambie mtafiti, na anavyoufunga. Alichotakiwa kusema kilikuwa kifupi: huyu ni mama mkwe wangu, haruhusiwi, mtoeni. Lakini hebu niambieni, nani huyo anayemtoa mama mkwe kitini? Akainama, akasema "Shikamoo, mama" kwa sauti ndogo, akaketi ukutani. Mtafiti akadhani ni adabu tu. Na mimi, niliyeweza kusema, nikajikausha.

Kazi niliyopewa ilikuwa hii: diski moja iliyounganishwa hapo ina sehemu zilizoharibika. Niitafute kwenye programu, niikague, niirekebishe, faili zilizomo zibaki salama.

Nikaanza vizuri. Upole wangu ulidumu mpaka skrini ya kwanza.

"Naona orodha ya diski," nikasema. "Diski Sifuri, Diski Moja, Diski Mbili. Nani anaita kitu Sifuri? Mtoto wako wa kwanza ungemwita Sifuri? Mtu anayo diski, ameipa jina, ameibandika karatasi. Programu inakuja na kumpa namba kama mfungwa. Onyesha jina lake. Onyesha na picha mbili tatu za vilivyomo, nijue ninachogusa."

Mtafiti anaandika.

"Nabonyeza Kagua. Umetokea mstari unaojaa. Unasema zimebaki dakika mbili. Sasa unasema saa tisa. Sasa dakika moja. Huyu ni fundi wa nguo, si kompyuta. Kama hujui, sema hujui. Andika 'naendelea, kanywe chai'."

Nikaelekea sehemu ya rangi. Skrini ilikuwa na vijumba vidogo vya kijani vingi, na hapa na pale chekundu. Nikasema wasioona rangi hizo watafanyaje, wekeni na alama. Hilo lilikuwa pendekezo la maana. Nikasema pia kijani chenyewe ni cha hospitali, kinatia huzuni. Hilo halikuwa la maana. Nikasema maandishi ni madogo. Nilipoyakuza nikasema sasa yanapiga kelele. Nikapendekeza kazi ikiisha upigwe wimbo. Nikaulizwa wimbo gani, la hasha, sikuulizwa, hawaruhusiwi kuuliza, lakini nikauimba.

Nilifurahi, nisiwadanganye. Niliongea mpaka maji ya kwenye glasi yakaisha. Na kila nilipotoa kasoro nilisikia nyuma yangu kalamu ya mkwe ikiandika, na moyoni nikahesabu: hii nayo watairekebisha muda mrefu, hii nayo itawachelewesha. Nilijiambia ninasema ukweli, na ulikuwa ukweli. Lakini hata mchawi hutumia maji safi, kama yatamfikishia uchawi wake.

Halafu nikafika skrini ya mwisho.

Palikuwa na vitufe viwili, vimekaa bega kwa bega, ukubwa mmoja. Kimoja kimeandikwa Rekebisha. Cha pili kimeandikwa Futa Yote, chekundu kidogo tu kuliko mwenzake.

"Hapa sasa," nikasema, "mmeweka sumu ya panya kando ya sukari. Mtu akiteleza kidole..."

Nikanyamaza.

Mtu akiteleza kidole, diski inafutika. Diski ikifutika mikononi mwa mtu wa majaribio, programu imeshindwa, inarudi mwanzo, na hakuna anayekwenda popote. Wala hakuna atakayenilaumu. Mwenyewe dada kaniambia siwezi kukosea. Mama mtu mzima, macho yamechoka, vitufe vimebanana. Wangenipa pole na nauli.

Nikaisogeza mausi. Ikakaa juu ya Futa Yote. Nawaapia, mkono uliisogeza wenyewe, mimi nilikuwa nautazama tu.

"Mama," mtafiti akasema kwa upole, "unafikiria nini?"

"Nafikiria kitufe."

"Kitufe kipi?"

"Hiki chekundu."

"Unafikiria nini kuhusu hicho kitufe?"

Ningeweza kusema rangi. Nilikuwa na maoni ya kutosha kuhusu ile rangi kutufikisha jioni. Lakini nilikuwa nimeongea bila breki muda mrefu sana, na mdomo ukishazoea kutoa kila kitu hauchagui tena. Lililofuata kwenye foleni lilikuwa hilo, likatoka.

"Nafikiria kwamba nikikibonyeza hiki, mtasema programu imeshindwa, na binti yangu hataondoka."

Kalamu zote mbili zikasimama. Mtafiti alinitazama, akamtazama mkwe wangu, akaona alichokuwa hajaona. Lakini alikuwa amefunzwa kazi yake, na mtu aliyefunzwa vizuri akipotelewa hurudi kwenye mafunzo. Akasema, "Endelea, mama."

Nikaendelea. "Sitaki aende. Sina mwingine. Nikimwambia pazia lake ni fupi, ni ili ashushe, akishashusha tutapima, tukishapima itakuwa saa ya kula, nitakula kwake. Maoni yangu mengi si maoni. Ni namna ya kutokuondoka. Sasa yeye ndiye anaondoka, na huko anakokwenda mapazia yake sitayaona."

Nyuma yangu mkwe wangu alibaki ukutani. Sheria ilimkataza kusema, adabu ilimkataza, na nadhani hata kama zisingemkataza asingeweza.

Kisha nikaiondoa mausi pale, nikabonyeza Rekebisha.

Msinisifu. Mausi ilikuwa imelowa jasho, na nilitaka yaishe. Na kusema kweli sijawahi kufuta kazi ya mtu. Nimehariri harusi ambazo ndoa zake zilivunjika kabla sijamaliza kuweka muziki, na bado nimezitunza. Mkono ulikataa kujifunza tabia mpya uzeeni. Mstari ukajaa, vijumba vyekundu vikageuka kijani kimoja kimoja, kile kijani cha hospitali, na maandishi yakasema: Imekamilika. Hakuna faili iliyopotea.

Nilijiona shujaa, tena wa kuandikiwa vitabu. Nimeshika furaha yangu kwa mkono wangu mwenyewe, nikaiachia ili mwanangu apae. Nikageuka taratibu, macho yamelowa, nipokee shukrani.

"Mama," mtafiti akasema, "samahani sana. Huyu ni mkweo?"

"Ni mkwe wangu."

"Basi matokeo yako hatuwezi kuyahesabu. Mtu wa majaribio hatakiwi kuwa na uhusiano na timu."

"Hamyahesabu?"

"Mapendekezo tutayachukua, mama, ni mazuri sana. Baadhi yake. Lakini jaribio lenyewe inabidi tulifute."

Nikafikiri kidogo. Nilishazoea, nikafikiri kwa sauti. "Kwa hiyo hata ningebonyeza kile chekundu?"

"Isingebadilisha kitu, mama."

Wakamwita kinyozi wa ghorofa ya chini aje ajaribu badala yangu, kwa kuwa naye anatunza nyimbo zake kwenye diski. Nilimwona kupitia kioo cha mlango. Alikaa, akaulizwa anafikiria nini, akasema anafikiria mteja aliyemwacha na nusu ndevu. Akabonyeza Kagua, akabonyeza Rekebisha, akasimama, akaondoka zake. Vijumba havikumuudhi. Ile Diski Sifuri wala hakuishangaa. Programu ikapita.

Mkwe wangu alinipeleka nyumbani kwake kwa gari. Aliegesha vibaya kama kawaida, na mara hii sikusema. Akazima injini, lakini hakushuka.

"Mama."

Nikangoja "Sawa".

"Vile vitufe nitavitenganisha. Majina ya diski nitayaweka, na alama za wasioona rangi pia. Wimbo hautawezekana." Akashika usukani kana kwamba gari bado linakwenda. "Lakini lile la mwisho si la kwangu, mama. Siwezi kulipeleka mimi. Mwambie binti yako mwenyewe."

"Hajui?"

"Hajui. Anadhani umefurahi."

Katika miaka yote ya ukwe wetu hayo ndiyo maneno mengi kuliko yote aliyowahi kuniambia. Nilitafuta la kukosoa humo, sikulipata.

Binti yangu, aliyeshapigiwa simu kwamba programu imepita, alikuwa chumbani, amekaa sakafuni kati ya masanduku, anakunja nguo. Aliponiona alicheka. "Enhe, mama, uliwatoa jasho?"

"Hayo mashati unayakunja vibaya," nikasema. "Kola itavunjika. Weka hivi." Nikakaa, nikachukua shati, nikalikunja, nikalikunjua, nikalikunja tena. Nilipiga moyo konde mara kadhaa na kila mara moyo ukanipiga mimi.

"Mama, una nini?"

"Sitaki uende."

Aliacha alichoshika.

"Nilisema hongereni," nikasema, "na nilidanganya. Leo nimekaa kwenye kompyuta ya mume wako nikatamani kuiharibu kazi yake ili ubaki. Mumeo amenisikia, dada wa kazini amenisikia, na kamera imenirekodi. Ni wewe tu hujaambiwa. Sitaki uende."

Nilidhani atanikumbatia. Katika video zangu ndipo wanapokumbatiana. Badala yake alisimama, akazunguka chumba, na nikaona kwamba amekasirika, tena vibaya sana.

"Mama, wewe una maoni juu ya viatu vya mume wangu. Una maoni juu ya ninavyokohoa. Hakuna jambo kwenye maisha yangu hujalisemea. Siku niliyokuambia nahama, nilijiandaa. Nilikuwa na majibu tayari ya kila kitu utakachosema. Ukasema hongereni, ukaendelea kula! Nilikwenda bafuni nikafungua maji nikalia, watu wasisikie. Nikasema, kumbe hata pazia linamuuma kuliko mimi."

Nikaliweka shati chini bila kulikunja. Mimi.

"Kama ningesema siku ile," nikamuuliza baadaye, "ungebaki?"

"Nisingebaki." Alikuwa ameshaketi tena, karibu yangu safari hii, goti lake limegusa la kwangu. "Tutaenda, mama. Nataka kwenda. Lakini nilitaka niombwe."

"Baki."

"Siwezi, mama." Akaegemeza kichwa begani kwangu, kizito, vile alivyokuwa akiegemea zamani akiwa na homa. "Sema tena."

Nikasema tena. Akasema tena kwamba hawezi. Tuliendelea hivyo, mimi naomba na yeye ananikatalia, mpaka mume wake akaja kugonga mlango polepole kuuliza kama tutakula.